HELB, Bendi na Magunia ya Mahindi: Piga Hesabu Hii Kabla Hujaingia Campus

Msee wa Mautuma, ingia. Na wewe wa Lumakanda, Chekalini, Turbo, ama uko Nairobi kwa kejani ya bedsitter unasoma hii na bando la mwisho, ingia pia. Hii story ni ya kila mtu aliyewahi kufungua barua ya chuo na akaona giza.

Unajua vile huwa. Matokeo ya KCSE yanatoka, simu inaita mpaka inazima. Mathe analia, mzae anajifanya hajalia. Jogoo anachinjwa. Jumapili kanisani unaambiwa usimame watu wakuone. Wiki kadhaa baadaye KUCCPS wanakuweka kwa kozi, chuo kinatuma barua, na kwa ukurasa fulani huko katikati kuna namba. Namba haina huruma. Nyumba inanyamaza.

Hapo ndipo watu hukimbia kufanya maamuzi wakiwa na presha. Ng'ombe anauzwa. Nusu ekari inakodishwa. Chifu anaombwa barua ya basari. Na wewe unajaza fomu za mkopo usiku kwa cyber ya sokoni, mtu wa cyber akikuharakisha kwa sababu kuna foleni.

Sisi tunasema tulia kwanza. Leo tunavunja hii kitu pole pole: bei ya kozi inatoka wapi, bendi ni nini, mkopo ni upi na zawadi ni ipi, na ile saa ya deni inaanza kuhesabu lini. Tutatumia hesabu ya Mautuma, yaani magunia ya mahindi, kwa sababu hiyo ndiyo pesa tunaijua.

Mbona Ankoo Alilipa 16,000 Pekee?

Kila familia ina ankoo mmoja wa kusema, "Sisi tulisoma na ngiri kumi na sita kwa mwaka, nyinyi mnalia nini?"

Ankoo hadanganyi. Lakini anaongea juu ya Kenya ingine.

Kukopeshwa ili usome si kitu kipya hapa. Serikali ilianza mpango wa mikopo ya wanafunzi wa vyuo vikuu mwaka wa 1974. Shida ilikuwa kurudisha: wengi walichukua, wachache wakalipa. Mwaka wa 1991 kukaja kugawana gharama, yaani mwanafunzi naye achangie. Mwaka wa 1995 Bunge likapitisha sheria iliyounda HELB, na kazi yake ikawa mbili: kukupa mkopo na kukusaka urudishe.

Ada ya masomo ya 16,000 kwa mwaka ikabaki palepale kwa miaka mingi, huku unga, stima na mishahara ya walimu ikipanda. Vyuo viliziba pengo kwa wanafunzi wa parallel, wale waliolipa bei kamili. Halafu ikaja KCSE ya 2016. Wizi wa mitihani ulibanwa, na waliopata C+ kwenda juu wakawa 88,929 tu. Hao karibu wote wangeweza kuchukuliwa na serikali. Parallel ikakosa watu, na vyuo vikakosa hiyo ganji.

Kutoka 2018 serikali ilianza kuhesabu kila kozi inagharimu ngapi kwa ukweli, na ikaahidi kulipia asilimia 80. Pesa iliyofika vyuoni ilikuwa chini ya hapo. Madeni yakajaa.

Tarehe 3 Mei 2023, Rais William Ruto akatangaza mfumo mpya. Serikali haitatuma tena pesa kwa chuo kwa jumla kulingana na idadi ya vichwa. Itaangalia wewe binafsi unatoka nyumba gani. Waliofanya KCSE 2022 wakawa wa kwanza kuingia nao. Ile 16,000 ikaisha kwao na kwa wote waliokuja baada yao, na bei halisi ya kozi ikatoka kwa giza. Watu wakashtuka kuona udaktari umeandikwa zaidi ya laki sita kwa mwaka.

Sawa, Bendi Ni Nini?

Ukiomba msaada kupitia tovuti ya hef.co.ke, unajibu maswali mengi kuhusu wazazi, ndugu, shule uliyosoma, ulemavu kama uko nao, sehemu unayotoka na kadhalika. Majibu yanapimwa, halafu unawekwa kwa bendi moja kati ya tano. Kwa vyuo vikuu, mgao uliotangazwa ni huu:

Bendi ya 1: familia inapata mpaka 5,995 kwa mwezi. Ufadhili asilimia 70, mkopo 25, familia 5. Pesa ya matumizi 60,000 kwa mwaka.

Bendi ya 2: mpaka 23,670 kwa mwezi. Ufadhili 60, mkopo 30, familia 10. Matumizi 55,000.

Bendi ya 3: mpaka 70,000 kwa mwezi. Ufadhili 50, mkopo 30, familia 20. Matumizi 50,000.

Bendi ya 4: mpaka 120,000 kwa mwezi. Ufadhili 40, mkopo 30, familia 30. Matumizi 45,000.

Bendi ya 5: zaidi ya 120,000 kwa mwezi. Ufadhili 30, mkopo 30, familia 40. Matumizi 40,000.

Ufadhili unatoka kwa Hazina ya Vyuo Vikuu na haurudishwi. Mkopo unatoka HELB na unarudishwa. Sehemu ya familia inatoka mfukoni mwa mzae, kwa ng'ombe, kwa chama ya mathe, kwa ndugu yako wa bodaboda.

Sasa swali la muhimu. Ukiambiwa "uko Bendi ya 2", umeambiwa nini hasa?

Umeambiwa asilimia. Hujaambiwa shilingi.

Asilimia Haiendi Posho Mill

Tuseme gunia la kilo 90 umeuza 3,500. Bei inapanda na kushuka, lakini tushike hiyo ili tuongee lugha moja.

Uko Bendi ya 2 na kozi yako, kwa mfano, ni 200,000 kwa mwaka. Familia inatoa asilimia 10, yaani 20,000. Hiyo ni karibu magunia 6. Inauma, lakini nyumba ya Mautuma yenye ekari mbili inaweza kujikaza.

Uko Bendi ya 2 vilevile, lakini kozi ni 600,000 kwa mwaka. Asilimia ni ileile 10. Sasa ni 60,000. Hiyo ni magunia 17. Kwa nyumba yenye ekari moja, hiyo inaweza kuwa karibu mavuno yote ya mwaka, na kuna wadogo wako watatu wanangoja karo ya sekondari.

Bendi ileile, nyumba ileile, magunia tofauti kabisa. Ndiyo maana bei ya kozi unaangalia kabla ya kuchagua, si baada ya barua kufika. Ukiwa kwa tovuti ya KUCCPS unapanga machaguo yako, kozi moja inaweza kuwa na bei tofauti kwa vyuo tofauti. Usichague chuo kwa sababu ya jina tu au kwa sababu picha za TikTok za huko ni noma.

Katikati ya 2025 Waziri wa Elimu, Julius Ogamba, alitangaza kwamba ada za vyuo vikuu vya umma zinashuka kati ya asilimia 15 na 40 kulingana na kozi, kuanzia Septemba mwaka huo. Kwa hivyo bei unayoona leo inaweza kuwa chini ya ile iliyoshtua watu 2023. Njia ya kuhesabu ndiyo hiyohiyo: bei ya kozi mara asilimia ya familia, gawa kwa bei ya gunia.

Mtego wa "Mapato kwa Mwezi"

Hapa watu wa mahindi huumia sana, na kosa lenyewe ni dogo.

Mshahara unakuja kila mwezi. Mahindi ya Lugari yanakuja mara moja kwa mwaka. Sasa mwenye cyber anauliza, "Mzae anapata ngapi?" Unamwambia kile kila mtu nyumbani anakumbuka: pesa ya mavuno.

Tuseme ekari mbili zimetoa magunia 36. Mara 3,500, hiyo ni 126,000. Hiyo ndiyo namba iko kichwani mwa kila mtu kejani. Sasa toa mbegu, mbolea, trekta, palizi, kuvuna na kukoboa, tuseme 50,000. Inabaki 76,000 kwa mwaka mzima. Gawa kwa miezi 12: ni kama 6,300 kwa mwezi. Hiyo ni Bendi ya 2, tena karibu na mpaka wa Bendi ya 1. Na hapo hatujagusa magunia yanayobaki nyumbani kwa ugali.

Lakini ukiandika 126,000 mahali wameuliza mapato ya mwezi, umejigeuza familia ya Bendi ya 5. Kwa ile kozi ya 200,000, sehemu ya familia inaruka kutoka 20,000 mpaka 80,000. Umeongeza magunia 17 kwa kosa la kisanduku kimoja.

Ni kweli mapato si kitu pekee kinachopimwa. Lakini soma swali pole pole: ni kwa mwezi ama kwa mwaka? Ni mauzo ama kinachobaki? Kaa na mzae jioni moja kabla ya kwenda cyber, mwandike kwa daftari: ekari ngapi, magunia mangapi, gharama ngapi, maziwa ya ng'ombe, kibarua, pesa inayotumwa na dada yako aliye Nairobi. Wazee wengi hawapendi kutaja pesa yao mbele ya watoto. Mwambie kwa heshima kwamba namba hiyo ndiyo itaamua atalipa ngapi kwa miaka minne.

Na usidanganye. Kusema uongo kwa fomu ya mkopo ni kosa la kisheria, na jina lako ndilo limeandikwa hapo, si la mtu wa cyber.

Ukiwekwa kwa bendi isiyokufaa, kuna njia ya kukata rufaa kwa tovuti ileile. Peleka ushahidi: cheti cha kifo kama mzazi alifariki, barua ya chifu, karatasi za hospitali, ada za ndugu zako walio shuleni. Malalamiko ya kuwekwa bendi mbaya yalikuwa mengi sana 2024, mpaka Rais akaunda kamati ya kukagua mfumo. Usikae kimya ukifikiri ni wewe peke yako.

Sasa Shika Hii: Upkeep Si Zawadi

Hii ndiyo sehemu tulitaka ufike.

Ile pesa ya matumizi, makomredi huita upkeep, ikiingia kwa simu mtaa wote unajua. Viatu vinabadilika. Kuna mtu ananunua spika. Story ni kwamba "serikali imetuma".

Serikali haijakutumia. HELB imekukopesha. Kila shilingi ya upkeep iko juu ya deni lako.

Rudi kwa ile kozi ya 200,000. Bendi ya 2: mkopo wa ada ni 60,000, upkeep ni 55,000. Jumla 115,000 kwa mwaka. Miaka minne: 460,000.

Sasa fanya ya Bendi ya 1, mtoto wa nyumba maskini kabisa. Mkopo wa ada asilimia 25 ni 50,000, upkeep ni 60,000. Jumla 110,000. Miaka minne: 440,000.

Halafu Bendi ya 5, mtoto wa nyumba yenye gari mbili. Mkopo wa ada 60,000, upkeep 40,000. Jumla 100,000. Miaka minne: 400,000.

Umeona? Kila mtu akichukua yote anayopewa, yule wa nyumba maskini kabisa anatoka campus na deni kubwa kuliko yule wa nyumba tajiri. Bendi inaamua mzazi wako atatoa ngapi leo. Haikuokoi wewe na deni la kesho. Na yule wa Bendi ya 5 akikwama, ana mtu wa kumpigia simu. Wewe ndiye mtu wa kupigiwa simu.

Jambo lingine: kwa ile kozi ya 600,000 inayochukua miaka sita, Bendi ya 2, mkopo wa ada ni 180,000 na upkeep 55,000. Mara sita inafika 1,410,000. Kama ni udaktari na kazi ipo, labda italipika. Lakini ujue namba kabla hujaanza, si ukiwa umevaa joho.

Hatusemi usichukue upkeep. Kuna watu bila hiyo pesa hawangekula. Tunasema ufadhili na mkopo ni vitu viwili, na mkopo ni hiari. Kama dada yako analipa kodi ya nyumba na unaweza kuishi bila kukopa yote, basi kopa kidogo. Kila 10,000 usiyochukua leo ni 10,000 hutasumbuliwa nayo ukiwa na miaka 28.

Saa Inaanza Lini?

Kulingana na sheria ya HELB, unatakiwa kuanza kulipa ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo.

Soma tena. Wanahesabu kutoka siku ya kumaliza masomo, na hawakungoji mpaka upate kazi.

Riba ya mkopo ni asilimia 4 kwa mwaka. Hiyo kwa ukweli ni ya huruma, benki hakuna itakupa hivyo. Kwa deni la 460,000, asilimia 4 ni 18,400 kwa mwaka.

Kinachomaliza watu si riba, ni faini. Ukipitisha muda bila kulipa, faini ni 5,000 kila mwezi. Hiyo ni 60,000 kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya riba yenyewe. Na faini haijali deni lako ni kubwa ama ndogo. Anayedaiwa 100,000 anapigwa 5,000, anayedaiwa milioni anapigwa 5,000.

Sasa fikiria maisha ya kawaida. Umemaliza 2027. Mwaka wa kwanza unatarmac. Wa pili unapata kibarua cha mkataba wa miezi mitatu. Wa tatu uko Mautuma unasaidia kwa shamba na kuendesha boda ya mtu. HELB umeilenga kwa sababu huna kitu, na unafikiri wakikosa kukupata wataacha. Miaka mitano ya faini ni 300,000. Deni la 460,000 sasa liko juu ya 760,000, na riba bado.

Halafu siku moja kazi ya serikali inatangazwa. Wanataka cheti cha kutoka HELB pamoja na karatasi zingine. Ama unataka kukopa ununue boda yako mwenyewe, unaambiwa jina liko CRB. Ama umeandikwa mahali, mwezi wa kwanza tu mwajiri anapokea barua akukate, maana sheria inamlazimu kukata na kutuma. Ukihepa, unalipa na faini. Lakini ukikosa kazi bila kuhepa, faini ni ileile. Hapo ndipo uchungu wa hii sheria uko.

Korti Nayo Ilisema Nini?

Kuna kesi mbili unafaa kujua.

Ya kwanza ni ya 2022. Wahitimu watatu walienda Mahakama Kuu wakilalamika kwamba madeni yao yamefura kwa riba na faini mpaka yamepita walichokopa mara kadhaa. Jaji Alfred Mabeya aliamua kwamba kanuni ya in duplum inaishika HELB pia. Kwa lugha ya mtaa: riba na faini zikijumlishwa haziwezi kupita pesa uliyokopa. Ulikopa 460,000? Basi deni haliwezi kupita 920,000. Si raha, lakini ni dari. Ukiona karatasi yako ya deni imepita mara mbili ya ulichochukua, uliza kwa maandishi na utaje hiyo hukumu.

Ya pili ni ya tarehe 20 Desemba 2024. Jaji Chacha Mwita alisema mfumo wa bendi unakiuka Katiba. Watu wakasherehekea. Lakini Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ilisimamisha uamuzi huo kesi ikiendelea, na mfumo ukaendelea kutumika. Kwa hivyo mtu akikwambia mtaani kwamba "bendi ziliondolewa na korti, usijaze kitu", mwambie achanuke. Usipojaza, unabaki na bei kamili.

Kwingine Wanafanyaje?

Tusijione sisi pekee ndio tunasota. Marekani madeni ya wanafunzi yamepita dola trilioni 1.7, na mpango wa Joe Biden wa kufuta sehemu yake uliangushwa na Mahakama ya Juu Juni 2023.

Jirani Tanzania, bodi yao ya mikopo hukata asilimia 15 ya mshahara wa mhitimu. Lakini mwaka wa 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliondoa tozo ya asilimia 6 kwa mwaka iliyokuwa ikifurisha deni, na faini ya asilimia 10 ya kuchelewa ikaenda pia. Yaani waliona kwamba kumpiga faini mtu asiye na kazi ni kumkamua ng'ombe asiye na maziwa.

Uingereza wanafanya tofauti zaidi: mhitimu haanzi kukatwa mpaka mshahara wake upite kiwango fulani. Hana kazi, hakatwi. Kazi ikiisha, makato yanasimama.

Hapa kwetu saa ni ya kalenda. Wanasiasa wakija Mautuma na fulana na unga, hilo ndilo swali la kuwauliza: kwa nini faini ya 5,000 inamshika mtu ambaye hajawahi kupata payslip hata moja? Bunge ndilo liliandika hiyo sheria, na Bunge linaweza kuiandika upya.

Rada Ni Gani Sasa?

Mpaka sheria ibadilike, jipange hivi.

Kwanza, andika bei ya kila kozi unayotaka kabla ya kuiweka kwa KUCCPS. Kando yake andika sehemu ya familia kwa magunia, na deni lako la mwisho kwa shilingi. Ukurasa mmoja tu wa daftari.

Pili, usidharau vyuo vya ufundi. Ada ya kozi za TVET iliwekwa 67,189 kwa mwaka. Kutoka Mautuma una Eldoret National Polytechnic upande mmoja na Sigalagala National Polytechnic upande mwingine. Fundi wa stima mwenye deni dogo anaweza kuomoka mapema kuliko mwenye digrii anayekimbizana na faini. Si kwa kila mtu, lakini weka kwa hesabu.

Tatu, omba basari zote: ya NG-CDF ya Lugari, ya kaunti, ya kanisa. Basari hairudishwi. Mara nyingi hukosa si kwa sababu hustahili, ni kwa sababu fomu ilifungwa Ijumaa na wewe ukaenda Jumatatu.

Nne, mkopo unaombwa tena kila mwaka. Kuna watu hupata mwaka wa kwanza, wanasahau mwaka wa pili, wanafungiwa mtihani. Weka kumbukumbu kwa simu.

Tano, anza kulipa ukiwa bado campus kama una kibarua, hata ngiri moja ikipatikana. Inapunguza deni kabla saa haijaanza.

Sita, ukimaliza na huna kazi, usihepe. Kabla ule mwaka mmoja uishe, waandikie HELB ama nenda kwa dawati lao la Huduma Centre, eleza hali yako, omba mpango wa malipo. Usidhani kulipa kidogo kidogo kunazuia faini yenyewe. Uliza, upate jibu kwa maandishi, na uhifadhi. Na wakati mwingine HELB hufungua dirisha la msamaha wa faini kwa anayelipa deni lote kwa mpigo, kwa hivyo fuatilia matangazo yao.

Saba, wale watu waliokudhamini kwa fomu, usiwaache gizani. Kama ni mathe na mwalimu wako wa zamani, wajue deni ni ngapi na unalipa vipi. Aibu ya kupigiwa simu kwa deni la mtu mwingine si ndogo.

Kabla Jogoo Hajachinjwa

Hakuna mtu hapa anakwambia usisome. Kwa nyumba nyingi za Lugari, digrii ya mtoto mmoja ndiyo imejenga nyumba ya mabati, imelipia wadogo karo, imempeleka kukhu hospitali. Watu walijinyima kwa sababu inafaa.

Lakini zamani nyumba ilijinyima halafu ikaisha hapo. Siku hizi nyumba inajinyima miaka minne, halafu wewe unaendelea kujinyima mingine kumi. 460,000 ukiigawa kwa miezi 120 ni zaidi ya 3,800 kila mwezi hata kabla ya riba. Ni zaidi ya gunia moja la mahindi, kila mwezi, kwa miaka kumi.

Kwa hivyo usiku mmoja kabla ya kuchagua, zima TV, kaa na wazazi na daftari. Waonyeshe hii hesabu. Mzae ambaye amelima miaka thelathini anaelewa mkopo wa mbolea kuliko mwanauchumi yeyote: unakopa msimu ukianza, na unalipa mvua ikinyesha ama isinyeshe.

Wewe je, umeshapiga yako? Magunia mangapi?